Nilivyothibitisha Chuo Kisichokuwa Changu

Wadogo zangu mnaomaliza kidato cha sita mwaka huu, anayewaandikia ni mstaafu. Mkiniona mtasema nimewadanganya, maana mvi sina, na mgongo bado unainama kupandikiza mpunga huku Ngonga bila kunung'unika. Lakini miaka tisa nilikaa kwenye kiti kimoja, mbele ya kompyuta moja, kwenye stesheneri karibu na stendi ya Kyela, nikiwajazia watu maombi ya vyuo. Mtu akitoka kwenye kazi ya miaka tisa, asipojiita mstaafu ajiiteje?

Mimi mwenyewe chuo sikukanyaga. Niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu tuyaache yapumzike. Ila kila fomu niliyojaza, nilisoma na mimi humo humo. Nikimjazia mtu udaktari wa mifugo, jioni nikipita sokoni nawatazama mbuzi kwa jicho la kitaalamu. Nikimjazia mtu uhandisi, naanza kukosoa kalavati. Siku moja mwenye duka, Mama Bupe, alinikuta nimeduwaa mbele ya skrini.

"Sekela, umefika wapi?"

"Niko mwaka wa tatu, mama."

"Haya, ukipata likizo rudi huku, kuna mteja anataka kopi ya kitambulisho."

Mama Bupe ndiye mwalimu wangu wa kazi. Alianza na taipureta, enzi ambazo fomu ilikuwa karatasi kweli kweli, unaijaza kwa kalamu, unaitia kwenye bahasha ya kaki, unamkabidhi kondakta wa basi la Mbeya aipeleke posta, halafu unamwombea kondakta. Kompyuta zilipokuja hakuziogopa wala hakuziheshimu. Alikuwa akisema, "Hii ni taipureta yenye kiburi." Sheria yake ya kwanza ilikuwa usimwandike mtu kwa sikio.

Niliivunja mapema. Alikuja msichana mmoja mchangamfu, akanitajia jina lake: Sawadi. Nikaandika Sawadi. Mfumo ukakataa kumjua, ukasema jina na namba ya mtihani haviendani. Asubuhi nzima tunalaumu mtandao, tunazima na kuwasha, mpaka Mama Bupe akaja akainama juu ya bega langu.

"Cheti chake kiko wapi?"

"Kiko nyumbani, mama."

"Na wewe mtoto, unaitwa nani?"

"Sawadi."

"Ile ya kupewa siku ya harusi?"

"Ndiyo, mama."

Mnatujua sisi. Herufi Z ikipita kwenye ulimi wetu wa Kinyakyusa inatoka imeshakuwa S, na maziwa yetu ni masiwa. Kwenye cheti alikuwa Zawadi. Tangu siku hiyo mteja asiye na cheti mkononi nilimpa kiti na maji ya kunywa, lakini kibodi sikuigusa. Na nyinyi mkijaza wenyewe kwenye simu zenu, jina lifuate cheti, hata kama cheti kimekosea na mama yako anakuita vingine.

Bibi mmoja naye sitamsahau. Alizunguka duka letu nje mara mbili, anapapasa ukuta. Nikatoka.

"Shikamoo bibi. Unatafuta nini?"

"Marahaba. Natafuta dirisha la kwanza. Redioni wamesema limefunguliwa, mjukuu wangu awahi. Hapa naona mna la kuuzia vocha tu."

Nilicheka mpaka nikaona aibu, kisha nikamweleza, na sasa nawaeleza nyinyi, maana kuna wenye simu kubwa ambao hawajamzidi yule bibi sana. Dirisha ni muda. Vyuo vinafungua maombi, vinafunga, vinatoa majina, kisha vyenye nafasi zilizobaki vinafungua tena. Ule muda wa kwanza ndio dirisha la kwanza. Ndani yake unaruhusiwa kuomba vyuo zaidi ya kimoja, kila chuo kwenye mtandao wake, na kila kimoja unakipa kozi zako kwa mpangilio wa unavyozipenda. Wazazi wengine walikuwa wananiuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mwanangu akiomba vitatu, havitamwona mwenye tamaa?" Havimwoni. Vinaona alama zake.

Wapo pia waliokuja kupanga foleni alfajiri siku ya kufunguliwa, wakiamini kwamba wa kwanza kuomba ni wa kwanza kuchaguliwa. Kwa miaka yangu yote sikuona mtu aliyepita kwa sababu ya kuamka mapema. Faida ya kuwahi ni kwamba ukikosea, una muda wa kurekebisha. Na hasara ya kuchelewa ni kwamba anayengoja dirisha la pili hukuta kozi zinazogombewa zimejaa. Wahi, basi, lakini usiwahi kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Na kila mwaka soma mwongozo wa mwaka huo, kwa sababu taratibu hubadilika, na ushauri wa kaka yako aliyeomba miaka minne iliyopita ni kama maandazi ya juzi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya nishike kalamu. Ni kosa langu, na lilikaribia kumgharimu mtu maisha aliyoyataka.

Atuganile alitoka Busale. Mwembamba, mpole, ana tabia ya kusoma kitu mara mbili kabla ya kusema lolote. Alifaulu sayansi vizuri sana. Aliomba vyuo viwili tu: shahada ya uuguzi kwenye chuo kimoja Mwanza, na ualimu wa sayansi Mbeya. Tulipokuwa tunajaza aliniambia, bila kunitazama, "Dada Sekela, hicho cha Mbeya ni cha baba. Hicho kingine ni changu." Nikasikia, nikatabasamu, nikaendelea kujaza. Kusikia nilisikia. Kuandika mahali sikuandika.

Palipotakiwa namba ya simu tulikwama. Nyumbani kwao simu ilikuwa moja, ya mama yake, na mama yake anafanya biashara ya mchele upande wa Malawi. Akivuka tu, anaweka laini ya huko. Tukaandika namba ya duka. Na neno la siri la akaunti zake nikaliandika kwenye daftari letu, kama tulivyowafanyia wote. Tuliona ni kumsaidia mteja. Wadogo zangu, neno la siri ni kama mswaki. Hata dada anayekupenda asiwe nao.

Ujumbe uliingia Jumatano, majina yakiwa yametoka. "Hongera, umechaguliwa." Ualimu, Mbeya. Chini yake kulikuwa na namba maalumu na neno moja: thibitisha.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo mtu wa mbali atalishangaa. Sisi Wanyakyusa tumekuzwa na neno ndaga, ndiyo asante yetu. Ukipewa kitu, ndaga. Ukisalimiwa, ndaga. Ukipewa pole ya safari, ndaga. Ukiambiwa habari na umeisikia, ndaga. Asiyejibu ndaga papo hapo anaonekana hakulelewa. Basi mimi, kwa akili zangu na malezi yangu, nilipoona "thibitisha" nikaelewa kwamba chuo kinauliza, je, umepata ujumbe wetu? Nikaona ni utovu wa adabu kukiacha chuo kizima kinasubiri jibu. Atuganile yuko Busale, simu hana, na furaha imenijaa mpaka kooni. Nikafungua akaunti yake, nikaingiza ile namba, nikabonyeza. Nilikuwa nasema ndaga kwa niaba yake.

Alhamisi asubuhi ukaingia ujumbe wa pili, uliochelewa na mtandao wetu mnaoujua. Uuguzi, Mwanza. Nao una namba yake. Nikapiga makofi peke yangu dukani, nikaenda kusema ndaga ya pili.

Mfumo ukaniandikia kwamba mwombaji huyu ameshathibitisha chuo kingine.

Nilisoma sentensi ile mpaka herufi zikaanza kuogelea. Ndipo nilipofungua mwongozo, ambao ulikuwa umelala kwenye droo wiki nzima, nikasoma. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja anathibitisha kimoja tu, ndani ya siku zilizotajwa. Akithibitisha hicho, nafasi ya kule kwingine anapewa mtu mwingine. Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi.

Mama Bupe aliingia akanikuta nimeshika kichwa.

"Nani amekufa?"

Nikamweleza. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alivuta kiti akakaa, akasoma ule mwongozo wote, kidole kwenye kila mstari.

"Pana njia," akasema. "Hapa. Unaweza kubatilisha uthibitisho kabla ya muda kwisha, unaomba namba mpya, unathibitisha kwingine. Ila ukishaachia huku na hujashika kule, huna chuo. Uko hewani."

"Basi nibatilishe sasa hivi, mama!"

"Ondoa mkono hapo!" Ndiyo mara pekee aliyowahi kunipandishia sauti. "Jana ulimjibia. Leo unataka kumjibia tena? Nenda Busale."

"Nimpigie mjumbe wao awaite..."

"Kosa la mtu halitumwi kwa simu. Nenda na miguu yako."

Nilichukua bodaboda. Dereva aliniuliza kama naenda msibani, nikamwambia bado sijajua. Nilimkuta baba yake Atuganile anageuza kakao kwenye mkeka wa kuanikia, na Atuganile kando anachambua zilizooza. Nikachuchumaa kumsalimia mzee kama inavyotakiwa. Wakaniletea kigoda na ndizi za kuchoma. Kula sikuweza. Nikaanza.

"Baba, Atuganile amechaguliwa vyuo vyote viwili."

Mzee aliinua mikono juu. Atuganile aliziba mdomo kwa kiganja. Nikamalizia haraka kabla furaha yao haijakolea.

"Lakini kimeshathibitishwa kimoja. Cha Mbeya. Cha ualimu."

Mzee akashusha mikono taratibu. Uso wake ukang'aa zaidi kuliko mwanzo.

"Mbeya," akasema. "Asubuhi anapanda basi, mchana yuko hapa anakula na baba yake. Mungu ameamua. Mimi nilikuwa naomba hivyo hivyo, ila niliona haya kumwambia."

Wadogo zangu, hapo nilipewa mlango wa kutokea, tena umefunguliwa kabisa. Kosa langu lilikuwa limeshabatizwa, limepewa jina la Mungu. Ningesema amina, nikala ndizi zangu, nikarudi mjini nimeshukuriwa. Nikamtazama Atuganile. Alikuwa amerudi kuchambua kakao, anachukua punje nzima nzima anazitupa kwenye mbovu.

"Baba," nikasema, "si Mungu. Ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi ndiye niliyebonyeza. Sikumuuliza mtu."

"Sasa binti, ulibonyeza kwa nini?"

"Nilifurahi, baba."

"Ulifurahi?"

"Nilifurahi sana."

Alinitazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia kanisani. Kisha akamgeukia bintiye, akamuuliza kwa Kinyakyusa, polepole, yeye anataka nini. Nadhani hakuwahi kumuuliza. Atuganile alilisoma swali mara mbili, kama kawaida yake.

"Uuguzi, baba. Lakini kama nitakuumiza, nitakwenda Mbeya. Nitafundisha vizuri tu."

"Mwanza ni wapi hasa?"

"Ni mbali, baba. Kwenye ziwa."

"Ziwa? Na hili la kwetu lina kasoro gani?"

Hakuna aliyecheka, ingawa nilitaka. Mzee akainuka, akatembea mpaka kwenye migomba, akarudi. Alipoongea alikuwa anaongea na mimi, si na mwanawe.

"Mama yake yuko safarini nusu ya mwezi. Huyu ndiye anayeniuliza kama nimekula. Unaelewa, mwanangu?"

"Naelewa, baba."

"Haya. Kwani mimi ndiye nitakayelala bwenini?" Akamnyooshea bintiye kidole. "Na wewe acha kutupa kakao nzima, unatutia umaskini. Kaandae nguo, tutoke kesho asubuhi."

Ijumaa walikuja wote wawili, mzee amevaa koti lake la kanisani. Mama Bupe aliwakaribisha viti, akanihamisha mimi kutoka kwenye kiti changu cha miaka yote, akamkalisha Atuganile mbele ya kompyuta. "Wewe Sekela simama nyuma. Soma sauti, yeye ndiye abonyeze."

Nikasoma. Nikasoma kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kinyakyusa, nikamwambia arudie kwa maneno yake. Ndivyo tulivyofanya kwa kila mteja tangu siku hiyo. Mama Bupe ndipo alipotunga mfano wake uliokuja kubandikwa ukutani: kuomba ni kubisha hodi, na hodi unaweza kubisha nyumba tatu, kuthibitisha ni kuingia ndani ukavua viatu.

"Ukibonyeza hapa," nikamwambia Atuganile, "Mbeya wanakuachia. Na mpaka namba mpya ije, huna chuo chochote. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Unaogopa?"

"Wewe unaogopa zaidi, dada. Unanipumulia shingoni."

Akabonyeza.

Tukaweka simu ya duka katikati ya meza, tukaizunguka wanne kama moto. Dakika tano, kimya. Kumi. Umeme ukayumba, Mama Bupe akautazama mpaka ukatulia. Simu ikalia! Mzee akasimama. Nikaidaka, nikaisoma.

"Wanasemaje?"

"Wanasema karibu Malawi, baba."

Simu zetu za mpakani zina tabia ya kuvuka mto bila kuaga. Ilikuwa imeuacha mtandao wa nyumbani, imeshika wa jirani, na namba yetu ilikuwa inatutafuta upande huu. Nilikimbia nayo hadi barabarani, nimeinyoosha juu kama mtu anayeita mvua, vijana wa bodaboda wananizomea, "Dada Sekela, shemeji hapokei?" Nikaizima, nikaiwasha, nikasimama ng'ambo karibu na kituo cha bajaji. Ikaingia. Nilirudi nikiitaja ile namba kwa sauti kila hatua, kwa hofu ya kuipoteza, utadhani ingemwagika.

Atuganile aliiingiza mwenyewe. Akasoma jina la chuo. Akasoma tena. Akamgeukia baba yake, na baba yake akaashiria kwa kichwa kuelekea kwenye kompyuta, kama anayemwambia mtu, endelea, usinitazame mimi. Akabonyeza.

Nilikuwa nimejifunza kutoshangilia kabla ya kusoma. Nikasoma. Uthibitisho wako umepokelewa. Uuguzi. Mwanza.

"Sasa tunasubiri nini?" mzee akauliza.

"Hakuna, baba. Imekwisha. Ameingia."

Mama Bupe alimkumbatia Atuganile, na mimi nikalia waziwazi, kwa sauti, jambo ambalo kwenye stesheneri si utaratibu. Mzee hakulia wala hakukumbatia mtu. Alikaa anaitazama skrini, koti limemkaa begani, hata nikadhani amejuta. Kisha akanigusa mkono.

"Binti, chukua karatasi. Niandikie jina la hicho chuo, lote, kwa herufi kubwa."

"La nini, baba?"

"Jumapili wataniuliza nje ya kanisa mwanangu anakwenda wapi. Sitaki nilitaje vibaya."

Nikaliandika. Nililiandika nikilitazama kwenye skrini, herufi moja baada ya nyingine. Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Wakatoka kwenda kutafuta usafiri wa Busale, na kabla hawajafika kituoni nilimwona ameshaitoa, anaisoma kwa sauti, na Atuganile anamsahihisha.